Huyo wa darini hali maembe

Juzi tena, simu ya mwenye nyumba wa Isevya, Tabora: "Mwanangu, popo wako wamenimalizia maembe." Wangu, kisa nachunguza popo! Nafika, fundi keshapanda kenchi na kopo la moshi wa pilipili, yuko tayari kuziba upenyo wa chini ya mabati.

Nikamwomba anishushie kinyesi kidogo. Nikakisagia kwenye karatasi nyeupe: kikawa unga, ndani vinametameta vipande vya magamba ya mbawakawa. Cha panya kikikauka ni kigumu, hakipukutiki hivyo. Nyuzi za embe? Hata moja.

Anayekula maembe ni popo matunda: uso kama wa mbwa, macho makubwa. Yule mkubwa wa rangi ya majani makavu, anayelala mtini, anapita gramu 200. Huyu wa darini ana gramu 10 hivi, na meno yake yamechongoka ya kuvunjia magamba ya wadudu. Mkia umechomoza nje ya utando kama wa panya, ndiyo maana anasingiziwa upanya. Na anaona, jamani, si kipofu. Tuendelee.

Sasa wenzangu mnaomtetea kwa kusema popo mmoja anamaliza mbu mamia kwa saa: hesabu hiyo ilianzia kwa popo wa Marekani waliofungiwa chumbani pamoja na mbu. Wetu anawinda kwa kasi juu angani, na kinyesini nakuta mbawakawa, nondo na kunguni wa mimea kuliko mbu. Namtetea, lakini chandarua chako usikitupe.

Hata jina lake la kisayansi nalitamka kwa kusita. Tulizoea Chaerephon pumilus, siku hizi wengi wanamweka kwenye jenasi (kundi la spishi za karibu) ya Mops, na huenda jina hilo moja limefunika spishi kadhaa. Namgeuza mkononi (nimevaa glavu, nawe usimshike bila glavu, kichaa cha mbwa si mchezo), naangalia rangi ya bawa, bado nabaki na wasiwasi.

Kuhusu kuziba: mama anazaa mtoto mmoja kwa uzazi, kipindi cha mvua, huku maembe yakiiva. Akitoka jioni kuwinda, kichanga asiyeruka anabaki juu. Ukiziba leo, wiki ijayo unanipigia simu ya harufu. Subiri kiangazi, wakiwa wote wanaruka, uzibe usiku baada ya kuhakikisha wametoka.

Fundi alishuka amenuna. Pilipili zake nimezilipia mimi.