Kasuku wa kijivu: tunayoambiana Bukavu, na yaliyo kweli

Huku Bukavu, mashariki mwa Kongo, mtu akiwa na kasuku wa kijivu barazani, wageni hawaulizi ndege katoka wapi. Wanauliza kama anaongea. Miaka kadhaa sasa majirani wananiita kuwatazamia ndege wao, Ibanda, Kadutu, hadi huko Bagira, na maneno ninayoyasikia ni yaleyale. Wanaoyasema si watu wabaya. Wanampenda ndege kweli, na ni kwa ajili ya upendo huo nayaandika haya.

"Mimi sikumkamata, nilimnunua tu." Hili ndilo la kwanza kila mahali. Sheria ya kuhifadhi mazingira asilia, namba 14/003 ya tarehe 11 Februari 2014, haimfuati mwindaji peke yake. Anayemweka, anayemsafirisha na anayemuuza mnyama anayelindwa, wote imewagusa. Kinachowachanganya wengi ni historia. Mwaka 2016, kule Johannesburg, nchi za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilimpandisha kasuku wa kijivu hadi Kiambatisho cha Kwanza, orodha ya walio hatarini zaidi, na tangu Januari 2017 biashara ya kimataifa ya ndege hao wa porini ikafungwa. Kongo ilikataa uamuzi huo na kuweka pingamizi rasmi. Hapo ndipo ilipozaliwa ile kauli ya "kwetu inaruhusiwa". Lakini mwaka 2025 serikali ya Kinshasa yenyewe ilipiga marufuku kuwakamata na kuwauza nchi nzima. Kauli hiyo haina tena pa kuegemea.

Na hata sheria tukiiweka kando, pesa ya mnunuzi ndiyo inayompandisha mwindaji mtini. Huko kwenye mikoa ya msitu ya Maniema na Tshopo wanapaka ulimbo kwenye matawi, kisha wanafunga kasuku mmoja hai awaite wenzake. Kasuku ni ndege wa kundi, akiita, wanakuja. Wanaonaswa hukatwa manyoya ya mabawa, wakajazwa kwenye kreti wamebanana. Wengi hufa kabla hata ya kuona soko. Yule aliyefika kwako ana wenzake ambao hawakufika.

Sasa nije kwenye dhana ninayoulizwa zaidi, tena na watu wenye nia nzuri kabisa: "Nitajenga tundu kubwa, niweke dume na jike, wazae. Si nitakuwa nimesaidia msitu?"

Kwanza, dume na jike utawajuaje? Kwa macho wanafanana, na njia ya uhakika ni kipimo cha DNA cha manyoya au damu. Nimeona "mume na mke" waliokaa pamoja miaka sita bila yai hata moja. Pili, ukipata jozi ya kweli, kasuku huchagua mwenzake. Ukimlazimishia, watapigana au watapuuzana. Huanza kuzaa akiwa na miaka mitatu hadi mitano. Jike hutaka shimo lenye giza, kama lile la mti mkubwa, atage mayai mawili hadi manne na kuyalalia karibu mwezi mzima huku dume akimletea chakula. Makinda hukaa ndani wiki kumi na mbili hivi. Mtoto akigongagonga tundu, jenereta ya jirani ikinguruma, jike huacha mayai. Ni kazi ya mtu mwenye nafasi, utulivu na daktari wa ndege wa kumwita.

Tatu, na hapa watu hukasirika: kinda aliyezaliwa tunduni na wazazi walioibwa msituni hawi halali kwa sababu tu alizaliwa kwako. CITES humwita ndege "wa kufugwa" ikiwa hata wazazi wake walipatikana kwa kufuata sheria. Afrika Kusini wanazalisha kasuku hawa kwa maelfu na kuwauza nje, kwa hiyo si kwamba haiwezekani. Ila mabanda yale yalianzishwa kwa ndege wengi waliotolewa porini, wa Kongo wakiwemo. Mimi siwezi kuuita huo msaada kwa msitu wetu.

Halafu kuna suala la pete. Mzee mmoja alinionyesha pete ya alumini mguuni pa ndege wake, akasema huo ndio ushahidi kwamba alizaliwa tunduni. Nilimshika ndege kwa taulo, nikaigeuza pete polepole. Ilikuwa na ufa ambao ukucha wangu uliingia. Pete yenye maana haina kiungo: huvishwa kinda akiwa na wiki chache tu, vidole vikiwa bado vinapita, na mguu ukikua haitoki tena. Yenye ufa unaweza kumvisha ndege wa umri wowote, hata aliyeshuka jana kutoka Kindu, Maniema.

"Anaongea, maana yake amefurahi." Kasuku huiga sauti za kundi lake. Asipokuwa na kundi, anaiga sauti za nyumba: mlango, simu, mama akimwita mtoto. Ukitaka kujua hali yake, tazama kifua. Akianza kujing'oa manyoya hadi ngozi ya waridi ionekane, shida imefika, hata kama kila asubuhi anasema "jambo".

Kuhusu chakula nitakuwa mfupi, ingawa ndicho kinachowaua kimyakimya. Karanga na alizeti peke yake humkosesha vitamini A na kalsiamu. Mpe ngazi za mawese, chakula chake hasa huko msituni, na lengalenga. Pilipili mpe bila hofu. Ndege hawasikii ukali wake. Avoka hapana kabisa, ni sumu kwake. Na usimtundike jikoni kwenye moshi wa makala, mapafu yake hayauvumilii.

Wapo wanaonijibu kwamba msitu wa Kongo hauishi. Ghana nao walikuwa na misitu iliyojaa kasuku. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 wamepoteza zaidi ya asilimia 90.

Basi mtu akishaelewa yote haya, hofu inamshika, ananiambia: "Kesho namwachilia." Tafadhali, usifanye hivyo. Aliyekatwa manyoya hataruka hadi yabadilike, na hilo linaweza kuchukua mwaka au zaidi. Vilima vya Bukavu si msitu wake, na anaweza kuwapelekea ndege wa porini magonjwa aliyoyapata kwa kuku wako au kwa kasuku mwenzake. Zungumza na watu wa ICCN, taasisi ya serikali ya kuhifadhi mazingira asilia, au na kituo cha Lwiro, Kabare, kilichoanzishwa mwaka 2002 kwa ajili ya sokwe, na ambacho hupokea kasuku pia.

Mama mmoja wa mtaani kwetu aliamua hivyo. Wakati akisubiri, alimtoa ndege wake kwenye tundu la waya alilokaa miaka minne, akamwachia chumba kizima cha nyuma, na gogo refu limelazwa kutoka ukuta hadi ukuta. Nilikuwepo. Kasuku alipanda juu ya gogo, akaenda hatua tatu kulia, akageuka, hatua tatu kushoto, akageuka. Ule ulikuwa urefu wa kijiti chake cha zamani. Siku ya tisa mama alinipigia simu: amefika mwisho wa gogo.