Mkeka, tope na sentimita 15: dhana potofu kuhusu gofu ya majira ya baridi

Kuanzia Novemba, ubao wa matangazo wa klabu nyingi za gofu za Uskoti, Uingereza na Ayalandi hujaa karatasi. Ruksa kuweka mpira. Mikeka ni lazima. Troli marufuku. Grini za muda shimo la 4 na la 11. Mchezaji mwenye haraka huzisoma zote kama kitu kimoja na kukipa jina moja, "sheria za baridi". Kumbe ni kanuni kadhaa zenye makusudi tofauti, na mbili kati yake, ya kuweka mpira na ya mikeka, huvutana kama paka na panya. Makosa mengi ya uwanjani, na hata ugomvi wa baani baada ya mchezo, chanzo chake ni hapo.

Kwa asiyezoea lugha ya gofu: grini ni eneo la nyasi zilizokatwa chini kabisa lenye shimo, mkeka ni kipande cha nyasi bandia cha kupigia mpira, troli ni kigari cha begi la fimbo, feawei ni ule ukanda wa nyasi fupi kati ya sehemu ya kuanzia na grini, rafu ni nyasi ndefu za kando yake, na divoti ni kipande cha nyasi na udongo kinachong'olewa na fimbo wakati wa kupiga.

Dhana: Baridi ikiingia, sheria hizi huanza zenyewe.

Hazianzi. Kitabu cha Kanuni za Gofu, kinachotungwa na R&A ya St Andrews, Uskoti, pamoja na USGA ya Marekani, vyombo viwili vinavyosimamia kanuni za mchezo, hakina sura ya majira ya baridi. Kanuni ya msingi ni kuupiga mpira ulivyolala, Januari kama Julai. Kilichopo ni mifano ya kanuni za uwanja, ambazo kamati ya klabu inaweza kuzitangaza kwa muda inapoona hali imeharibika. Kama kamati haijatangaza, hata feawei iwe bwawa, ukiuinua mpira na kuuweka pazuri umejitafutia adhabu. Zaidi ya hapo, matoleo hutofautiana kati ya klabu na klabu, kwa hiyo ya nyumbani kwako usiyabebe kwenda ugenini. Soma ubao kila mara, maana karatasi ya leo huenda si ya Jumamosi iliyopita.

Dhana: Kuhamisha mpira kunalinda feawei.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na ndiyo iliyo mbali zaidi na ukweli. Kanuni ya kuweka mpira, inayojulikana kwenye mifano kama E-3, ilitungwa kwa ajili ya mchezaji. Nyasi hazikufikiriwa. Mpira wako umetua kwenye tope au kwenye shimo la divoti ya mwenzako, basi unaruhusiwa kuuinua, kuufuta na kuuweka panapofaa. Sasa jiulize utauweka wapi. Hakuna anayeuweka kwenye kipara. Utatafuta kishungi cha nyasi kilichonona ndani ya sentimita 15 ambazo klabu nyingi huruhusu, kisha fimbo yako itaking'oa hichohicho. Anayekufuata atatafuta kishungi kingine. Ikifika Februari, zile sehemu ambazo mipira mingi huangukia zimebaki viraka vya udongo, na nyasi nzuri ndizo zilizotangulia kuondoka.

Kwa hiyo kamati inayotaka kulinda uwanja kwa E-3 pekee inajidanganya. Kanuni hiyo inatenda haki kwa mchezaji, na hiyo ni sababu tosha ya kuwa nayo, ila isibebeshwe mzigo usio wake.

Namna ya kuitumia inawashinda wengi kuliko inavyostahili:

Mpira lazima uwe kwenye eneo lililokatwa kwa kimo cha feawei au chini yake. Hiyo inajumuisha ukingo mfupi unaozunguka grini na vijia vilivyofyekwa kwa kimo hicho kupita rafu. Mpira ulio rafu haupati chochote hata ukiwa vidole viwili tu kutoka feawei, isipokuwa kamati imepanua eneo kwa maandishi.

Pima kuanzia mpira ulipolala. Klabu nyingi za Uingereza hutoa inchi 6, yaani kama sentimita 15. Mashindano ya kulipwa mara nyingi hutoa urefu wa fimbo moja au wa kadi ya alama. Usisogee karibu na shimo, wala usiingie kwenye grini au banka, yaani shimo la mchanga.

Unauweka kwa mkono, huudondoshi, wala huusukumi kwa kichwa cha fimbo kama afagiaye. Unauweka mara moja tu. Ukishauachia, mpira uko mchezoni. Ukiuinua tena kwa sababu umeona mahali pazuri zaidi, ni pigo 1 la adhabu. Ukicheza kutoka mahali pasiporuhusiwa, ni mapigo 2, au unapoteza shimo kama mnashindana shimo kwa shimo. Kanuni haikulazimishi kuweka alama kabla ya kuuinua, kwa kuwa hauurudishi palepale, lakini kijiti kimoja ardhini humaliza ubishi wa kipimo kabla haujazaliwa.

Ipo pia kanuni dada, E-2: inua, safisha, rudisha. Hiyo inafaa pale nyasi ziko sawa ila mipira inashika tope. Hapa alama ni lazima, na mpira unarudi palepale ulipokuwa. Watu huichanganya na E-3 kila wiki.

Dhana: Mikeka ni ya viwanja vya matope.

Old Course ya St Andrews imelala juu ya mchanga wa pwani, maji hunywewa na ardhi upesi, na tope la kunasa viatu ni nadra. Hata hivyo tangu Novemba hadi Machi mchezaji wa huko hubeba kipande cha nyasi bandia na kupigia mpira wa feawei juu yake. Mbona?

Jibu liko kwenye joto la udongo. Nyasi za viwanja vya ukanda ule, kama feskyu, benti na raigrasi, karibu huacha kukua udongo ukishuka chini ya nyuzi 5 au 6 za Selsiasi. Divoti ya Julai huziba kwa wiki chache. Ya Desemba inabaki kidonda wazi mpaka Aprili, na Old Course huchezwa raundi zaidi ya 40,000 kwa mwaka. Tope halihusiki. Kinachohesabiwa ni kwamba mapigo yanaendelea ilhali nyasi zimelala.

Msomaji aliyejifunzia gofu Nairobi anaweza kushangaa, na ana haki. Nyasi za kikuyu, zilizobeba jina la watu wa nyanda za juu za Kenya, hutambaa kwa mashina yake na kuziba pengo mwaka mzima, mradi kuna joto na maji. Masika huko huleta tope na ruhusa ya kuweka mpira, lakini mkeka haungekuwa na kazi kubwa: mvua inayochafua feawei ndiyo hiyohiyo inayoiotesha.

Dhana: Mkeka ni upendeleo, kila mtu anapiga vizuri juu yake.

Nusu ni kweli. Mpira hukaa juu kidogo kuliko kwenye nyasi za kawaida, na kichwa cha fimbo kikigonga nyuma ya mpira huteleza juu ya plastiki badala ya kuzama ardhini. Kosa ambalo kwenye feawei laini lingekugharimu yadi 40, hapo hupita kama pigo la wastani. Hasara huja Aprili mikeka ikishaondolewa: mchezaji amekaa miezi mitano akigonga nyuma ya mpira bila kuonywa, na sasa kila pigo linachimba.

Nusu ya pili husahaulika. Kwa fimbo zilizolala sana, zile za kupandisha mpira juu karibu na grini, kimo cha mkeka ni mtego. Kichwa hupita chini mno, mpira hugongwa na sehemu ya juu ya uso wa fimbo, hupanda kama mvuke na kuanguka nusu ya safari. Dawa ni kuchagua fimbo iliyosimama zaidi na kupiga pigo fupi la kubingirisha. Kwenye mteremko nao mkeka huteleza wakati wa kupiga. Ukandamize kwa vijiti viwili vya tii, vile vya kusimamishia mpira wa kuanzia, kwenye pembe, upande ulioelekea shimo ukiwa tambarare.

Utaratibu wa kawaida ni huu: inua mpira, laza mkeka ili mahali mpira ulipokuwa pawe chini yake, weka mpira juu, piga, okota mkeka. Hilo la mwisho husahauliwa kuliko unavyodhani, na mkeka ulioachwa nyuma unakurudisha mita 150 huku kundi la nyuma likikutazama. Ufunge kwa kamba kwenye begi. Klabu nyingi haziudai unapotumia pata, fimbo ya kubingirishia mpira shimoni, kwa sababu pata haing'oi kitu. Nyingine humruhusu asiyependa mkeka kuupeleka mpira rafu iliyo karibu, bila kusogelea shimo. Soma ubao wa klabu uliyopo.

Dhana: Troli huharibu, miguu haina neno.

Uzito peke yake hauelezi jambo. Mtu anayetembea hubana udongo kwa nguvu kuliko wengi wanavyofikiri, ila hatua zake hutawanyika. Magurudumu hufuata njia moja, hasa kwenye shingo nyembamba kati ya banka na grini, na kwenye udongo wa mfinyanzi uliolowa husugua na kupaka tope kama mwiko wa mwashi. Vitundu vya hewa huziba, maji hukosa pa kushukia, mizizi hukosa oksijeni. Ndiyo maana kamba na vigingi huhamishwa hamishwa majira hayo: kutawanya nyayo. Kuruka kamba kwa kuwa umebeba begi begani ni kuvunja kusudi lake zima.

Vinyesi vya minyoo navyo vina sehemu yao. Ukivikanyaga vikiwa vibichi hupakazwa na kufunika nyasi. Vikiachwa vikauke, mfagio huvitawanya. Mchezaji anaruhusiwa kuviondoa karibu na mpira wake, ila mpira ukisogea akiwa nje ya grini, ni pigo 1.

Dhana: Jua likiyeyusha sakitu, uwanja uko tayari.

Sakitu, ule weupe wa barafu juu ya majani alfajiri, ni hatari iliyo wazi: maji yameganda ndani ya jani, unyayo huvunja chembe zake, na siku chache baadaye alama za viatu hujitokeza kahawia mfano wa muhuri. Hilo watu wanalielewa. Wasiloelewa ni saa zinazofuata baridi kali ya siku kadhaa. Sentimita 2 au 3 za juu zimeyeyuka, chini bado pamekaza kama saruji. Tabaka la juu likikanyagwa huteleza juu ya lile gumu na mizizi hukatika. Uwanja unaonekana kijani na kupendeza, nao ndio wakati wake mbaya kuliko yote. Msimamizi anayechelewesha kufungua hadi saa tano asubuhi, jua likiwaka, anajua akifanyacho.

Kikanuni, sakitu na umande si maji ya muda, yaani maji ya kupita yaliyotuama uwanjani, kwa hiyo havikupi nafuu ya bure, ile ruhusa ya kuhamisha mpira bila adhabu. Theluji na barafu ya asili iliyoko ardhini unaweza kuvichukulia kama maji ya muda au kama vitu vya kuondolewa, chaguo ni lako. Udongo laini tu nao hautoshi: maji lazima yaonekane juu ya ardhi kabla au baada ya kusimama, bila kukandamiza kwa miguu. Mpira uliojichimbia kwenye shimo la kutua kwake, tangu 2019, hupata nafuu popote kwenye eneo la jumla (uwanja wote isipokuwa sehemu ya kuanzia, grini, banka na maeneo ya adhabu), rafu ikiwemo, ila si kwenye mchanga wa nje ya feawei.

Na kifaa cha kupasha mikono joto? Kipashe mikono. Ukikitumia kupasha mpira ili uruke mbali, adhabu ni kuondolewa mashindanoni.

Dhana: Alama za baridi hazihesabiki kwenye handikapu.

Handikapu ni kipimo cha uwezo wa mchezaji kinachotokana na kadi za alama zake, na kanuni ya kuweka mpira haibatilishi kadi. Tena mfumo wa dunia wa handikapu una hesabu ya hali ya siku: kukiwa na angalau kadi 8 zinazokubalika za wachezaji wenye handikapu ya 36.0 au chini, matokeo ya wote hulinganishwa na yaliyotarajiwa, na siku hiyo hurekebishwa kati ya -1 na +3. Hewa ya nyuzi 10 ni nzito kwa takriban asilimia 3.5 kuliko ya nyuzi 20, mpira hauviringiki ukitua, na sehemu ya ugumu huo huonekana kwenye hesabu. Kinachoweza kuizuia kadi ni uwanja uliofupishwa mno, au kucheza ndani ya msimu uliofungwa kwa handikapu, kama ilivyo katika majimbo ya kaskazini mwa Marekani.

Dhana: Grini ya muda ikitumika, ile ya kawaida ni nyasi tu.

La. Grini ya kawaida ya shimo hilo inakuwa grini isiyo yako. Mpira ukitua juu yake, au ukisimama juu yake kwa miguu ili kuupiga, huruhusiwi kupiga: tafuta mahali pa karibu panapokutoa kabisa kwenye grini hiyo, pasiposogelea shimo, kisha dondosha mpira kutoka kimo cha goti ndani ya urefu wa fimbo moja. Ni bure, ila ni lazima. Ukipiga kutoka juu yake ni mapigo 2, na alama ya fimbo uliyoiacha pale itabaki hadi Aprili.