Nebraska ya 2021 haikukosa moyo

Kila mwaka msimu wa mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu unapoelekea ukingoni, hakosekani mtu wa kunieleza kwamba timu inayofungwa kwa pointi chache wiki baada ya wiki ni timu isiyojua kushinda, na ushahidi anaouleta ni ule ule: Nebraska ya mwaka 2021. Kazi yangu ni kuchambua takwimu za mchezo huu, na hoja hiyo imenichosha, kwa sababu anayeitoa kwa kawaida ametazama safu moja tu ya jedwali, ile ya ushindi na vipigo, kisha akafunga daftari.

Matokeo yenyewe hayana ubishi. Nebraska ilicheza mechi 12, ikashinda 3 na kupoteza 9. Vipigo 8 kati ya hivyo vilikuwa vya pointi 8 au pungufu, yaani tofauti ambayo tachidauni moja (kuufikisha mpira eneo la mwisho la wapinzani, pointi 6) na pointi 2 za nyongeza zingeweza kuifuta, na kilichobaki, cha 26–17 mbele ya Ohio State, kilikuwa cha pointi 9. Kwa msimu mzima ilifunga pointi 335 na kufungwa 272. Naomba msomaji asiipite haraka hesabu hiyo: timu iliyopoteza robo tatu ya mechi zake ilimaliza ikiwa na ziada ya pointi 63. Ukiziingiza pointi hizo katika kanuni ya kukadiria ushindi kutokana na pointi ilizofunga na ilizofungwa timu, kwa kipeo cha 2.37 ambacho wengi wetu hukitumia, unapata timu ya ushindi 7 na kitu.

Hapo ndipo wenzangu wa takwimu nao huanza kuniudhi, kwa kuwa hukomea hapo, wakatamka neno bahati na kwenda zao. Ziada ile ilitoka wapi? Nebraska iliifunga Fordham, timu ya daraja la chini, 52–7. Ikaifunga Buffalo 28–3. Ikaifunga Northwestern 56–7. Mechi hizo 3 peke yake zina ziada ya pointi 119, ilhali zile 9 nyingine zina upungufu wa 56. Kanuni haijui kwamba pointi ya 50 dhidi ya Fordham, wakati wachezaji wa akiba wako uwanjani na mashabiki wa Lincoln, mji wa nyumbani, wanapiga soga, haina uzito wa pointi ya 30 dhidi ya Michigan. Kwa hiyo ule ushindi 7 wa kwenye karatasi siutetei kwa nguvu zote.

Ninachokitetea ni kitu kingine. Tazama waliowafunga. Michigan walikuwa mabingwa wa Big Ten, ligi ambayo Nebraska nayo imo, na wakacheza nusu fainali ya kitaifa. Waliishinda Nebraska 32–29, baada ya mpira kumponyoka Adrian Martinez, kwotabeki wa Nebraska, yaani mchezaji anayeongoza mashambulizi na kurusha pasi, katika dakika 2 za mwisho, ubao ukisoma 29–29. Ohio State, Oklahoma na Michigan State kila mmoja alimaliza na ushindi 11, Iowa 10, na Wisconsin, Minnesota na Purdue 9 kila mmoja. Ni Illinois tu iliyokuwa dhaifu. Anayedai kwamba vijana wale hawakuwa na moyo anieleze kwanza walipata wapi nguvu ya kubanana na wapinzani wa namna hiyo hadi robo ya nne, karibu kila Jumamosi.

Chukua mechi ya Michigan State, mwezi Septemba. Nebraska ilikuwa mbele 20–13, zimebaki dakika zisizofika 4, na wenyeji hawakuwa wamepata hata fasti dauni moja, yaani kusonga yadi zinazoipa timu haki ya kuendelea kushambulia, katika kipindi cha pili. Nebraska ikapiga panti, yaani mkwaju wa kuwaachia wapinzani mpira mbali na goli lako. Wakimbiaji wote wa Nebraska wa kumkaba mpokeaji walielekea upande mmoja kama walivyopangiwa. Mpira ukaenda upande wa pili, akaudaka Jayden Reed wa Michigan State na kukimbia yadi 62 bila mtu wa kumgusa. Katika muda wa nyongeza pasi ya Martinez ilinaswa na wapinzani, na mchezo ukaisha 23–20. Ulinzi ulifanya kila ulichoombwa, na kilichoiangusha timu ni pembe ya mguu mmoja. Wanaozungumzia moyo hawana la kusema kuhusu pembe.

Hata hivyo, mkwaju ule hauwezi kuitwa bahati mbaya tu. Vikosi maalumu vya timu hiyo, vile vya mikwaju, vilikosea tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho: dhidi ya Illinois mpokeaji aliudaka mpira mlangoni mwa goli lake na kuishia kuzawadia sefti, yaani pointi 2 wanazopewa wapinzani mchezo unapokufia katika eneo lako la mwisho, dhidi ya Oklahoma mkwaju wa pointi ya nyongeza ulizuiwa na kurudishwa kwa pointi 2, dhidi ya Iowa, wakiwa wameongoza 21–6, walizuiwa panti iliyogeuka tachidauni, wakafa 28–21. Mpira unaodunda ardhini huokotwa na yeyote, lakini panti inayozuiwa ina mtu aliyeshindwa kumkaba mwenzake, na hilo ni suala la mazoezi, si la kudra.

Na sasa nifike pagumu, ambapo vitabu vyetu hupita kimya. Mafundisho ya kawaida ni kwamba mechi za pointi 8 au pungufu hukaribia kurusha shilingi, na timu iliyozipoteza mwaka huu itazirudisha mwaka ujao. Kocha Scott Frost aliondoka Nebraska Septemba 2022, baada ya mechi 3 tu za msimu uliofuata, akiwa ameshinda 5 na kupoteza 22 katika mechi za aina hiyo. Kwa shilingi isiyo na hila, matokeo mabaya kiasi hicho au zaidi hutokea takribani mara 1 katika 1,300. Najua nimemchagua Frost kwa sababu ya rekodi yake, na kwa makocha wengi waliopita katika timu zaidi ya 120 kwa miongo kadhaa, mmoja wao kuangukiwa na balaa la namna hiyo si muujiza. Bado silali vizuri na maelezo hayo.

Sababu ni kilichofuata. Chini ya kocha mwingine, Matt Rhule, Nebraska ya 2023 ilifikisha ushindi 5, ikahitaji 1 tu ili ifuzu kucheza mechi ya baada ya msimu. Ikapoteza 4 za mwisho: 20–17, 13–10, 24–17 katika muda wa nyongeza, na 13–10. Kocha alikuwa mpya, kwotabeki alikuwa mpya, na kanuni yangu haina mahali pa kuandika jina la chuo.