Vidonge vya probayotiki na "antioksidanti": vinasaidia kweli au?

Hivi probayotiki ni nini hasa?
Ni bakteria hai unaowameza ili wakusaidie tumboni, wengi ni jamii ya Lactobacillus na Bifidobacterium. Sasa shida watu wanaziongelea kama dawa moja wakati kila aina ina kazi yake, kilichothibitishwa kwa huyu bakteria huwezi kumpa sifa yule.

Kopo limeandikwa lina nguvu ya antioksidanti, linazuia kansa na uzee. Niamini?
Hapana, usiamini bado. Antioksidanti ni kitu kinachozuia kemikali zinazoharibu seli za mwili. Mara nyingi walichopima ni damu tu, watu wachache, wiki chache, wakaona vipimo fulani vimebadilika kidogo basi wakaandika kwenye lebo, hakuna aliyefuatiliwa miaka ionekane kama kweli kansa haikumpata. Na hili jambo limeshaumiza watu jamani. Finland walichukua wanaume wavuta sigara zaidi ya 29,000, wengine wakapewa beta-karotini (ile rangi ya chungwa ya kwenye karoti) ambayo maabara ni antioksidanti nzuri tu, kila mtu anategemea kansa ya mapafu itapungua, majibu yanatoka 1994 waliokunywa beta-karotini wamepata kansa hiyo asilimia 18 zaidi! Marekani nao wakajaribu, wakachanganya na vitamini A, Januari 1996 ikabidi wasimamishe kabla ya muda maana kansa ilikuwa inaongezeka. Kwa hiyo ukiambiwa kitu ni antioksidanti uliza, aliyekitumia aliugua kidogo kuliko asiyetumia?

Kwa hiyo probayotiki hazina kazi kabisa?
Zipo zenye kazi. India, vijijini Odisha, watoto wachanga zaidi ya 4,500, nusu wakapewa Lactobacillus plantarum pamoja na chakula cha bakteria huyo kwa siku 7, maambukizi ya damu na vifo vikashuka toka asilimia 9 hadi 5.4, hiyo ndo ushahidi wa kueleweka.

Mwanangu anaharisha, nimnunulie?
ORS (ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji) na zinki kwanza, mama. Tafiti mbili kubwa za Marekani na Kanada zilizotoka 2018 zilijaribu probayotiki kwa watoto wenye kuharisha na kutapika, hazikuwasaidia kitu.

Kuna ambao hawafai kutumia?
Mtoto njiti usimpe kwa kujiamulia, 2023 mamlaka ya dawa Marekani ilitoa onyo baada ya bakteria hao kuingia kwenye damu ya njiti mmoja akafariki. Hata mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka sana, aongee na daktari wake kabla hajafungua hilo kopo.