Rangi haitoshi kumtambua mjusi-islamu

"Ni wa kahawia, ana mistari miwili, nimemwona kando ya kinamasi. Ni aina gani?" Ujumbe wa namna hii kuhusu mjusi-islamu (skink kwa Kiingereza) unanifikia kila mara, na picha inayoandamana nao ni ya mgongo tu, tena ya mbali. Mwenye kuuliza huwa keshajijibu: amelinganisha rangi na picha ya intaneti na anataka nikubali.

Sikubali, kwa sababu rangi ni kitu cha mwisho kuangalia. Chukua Trachylepis striata, yule wa ukutani na kwenye magogo karibu kote Afrika Mashariki. Kweli ana mistari miwili iliyopauka, lakini wapo walioiva weusi hadi mistari haionekani. Mjusi anayekaribia kujivua ngozi hufifia. Aliyetoka matopeni hana rangi kabisa. Trachylepis quinquetaeniata ndiye anayewachanganya watu zaidi. Akiwa mtoto au jike ana mistari ya kung'aa na mkia wa bluu, ila dume mzima mistari yake imefutika na koo limeingia weusi pembeni. Watu huwaandika kuwa aina mbili, na kosa hilo likishaingia kwenye orodha ya wanyama wa eneo, kulitoa ni kazi.

Angalia magamba. Kwa jenasi ya Trachylepis, gamba la mgongoni lina vituta vyembamba vilivyolala kwa urefu: aina fulani vitatu, nyingine vitano au zaidi. Mjusi-islamu mwingine, Mochlus sundevalli, hana vituta, mwili ni laini kama kioo na miguu ni midogo kupita kiasi. Kisha jicho: kope la chini la Trachylepis linafumba na lina kidirisha angavu, ilhali mjusi-islamu mwingine, Panaspis wahlbergii, hafumbi macho. Midomo nayo inasema. Myeupe yenye madoa meusi inakuelekeza kwa Trachylepis maculilabris, anayependa kupanda miti.

Kwa hiyo nikisema piga picha ya ubavu wa kichwa, kisha ya mgongo kwa karibu hadi magamba yahesabike, kisha ya mahali aliposimama, simsumbui mtu. Bila hizo tatu tunabahatisha. Na usimtafute katikati ya mafunjo. Nenda asubuhi jua likishapata nguvu, tembea polepole pembezoni mwa kinamasi, ukitazama magogo, vichuguu na nguzo za ua. Mara nyingi utamsikia kwenye majani makavu kabla hujamwona.

Yapo pia madai ninayoyasikia mara kwa mara. "Anang'aa, basi ana sumu." Hana. Mijusi-islamu wote wa kwetu hawana sumu, na huo mkia wa bluu kazi yake ni kumfanya adui ashike mkia badala ya kichwa. Inaniuma sana kupokea picha ya aliyeuawa kwa fimbo kwa kosa la kuwa na rangi nzuri.

"Ni salamanda, maana yuko majini." Kusini mwa Sahara hakuna salamanda wa asili, yule ndugu wa chura mwenye mkia na ngozi isiyo na magamba. Mwenye magamba na kucha ni mjusi.

"Ni mtoto wa kenge." Mtoto wa kenge wa majini ni mweusi mwenye mikanda na madoa ya njano, shingo ndefu, ulimi wenye ncha mbili kama wa nyoka. Ukishamwona mmoja hutawachanganya tena.

"Hana miguu, basi ni nyoka." Si lazima. Melanoseps, wanaochimba udongoni katika misitu ya milima ya Tanzania, ni mijusi-islamu wasio na miguu. Nyoka wengi wana magamba mapana tumboni. Melanoseps magamba yao yanalingana mwili mzima. Tahadhari: nyoka vipofu wachimbao nao wako hivyo, na wapo nyoka weusi wafupi wa ardhini wenye sumu kali wanaouma hata wakishikwa nyuma ya kichwa. Usimshike yeyote ili umkague tumbo. Mwache apite, piga picha.

"Mkia unaota tena, kuukata si neno." Unaota, lakini ndani ni gegedu badala ya mfupa, na mjusi amepoteza mafuta aliyoyaweka humo kwa siku za njaa. Waambieni watoto waache kuwakimbiza.