Shepadi mweupe sio albino: rangi za mbwa na maneno ya uongo yanayozizunguka

Mtu akiona jemani shepadi mweupe utasikia moja kati ya mawili, ama "huyo albino" ama "huyo kachanganywa". Yote mawili sio kweli, na mimi yananiuma kwa sababu kuna watoto wa mbwa wazima kabisa waliouliwa wakiwa hata macho hawajafumbua, kisa tu wamezaliwa weupe.

Tuanze na ualbino. Muangalie pua. Albino mwili wake hautengenezi rangi, kwa hiyo pua inakuwa ya pinki na macho yamepauka. Shepadi mweupe pua nyeusi tii, midomo myeusi, kingo za macho kama kapakwa wanja, na macho yenyewe kahawia iliyokolea. Yani rangi nyeusi anaitengeneza vizuri tu, ila haifiki kwenye manyoya. Kuna jeni inaitwa MC1R ambayo ndo inaipa nywele amri ya kutoa nyeusi, sasa mbwa akirithi kopi mbovu kwa mama na nyingine mbovu kwa baba ile amri haisikiki, nywele inabaki kutoa njano tu, halafu jeni nyingine zinaififisha hiyo njano mpaka jicho linaona nyeupe. Ukimpeleka juani mara nyingi utaona masikioni au mgongoni hamna kaweusi, ila kanjano kama ka biskuti kapo.

Na kuchanganywa? Horand von Grafrath, mbwa wa kwanza kusajiliwa kama jemani shepadi mwaka 1899 na Max von Stephanitz, babu yake upande wa mama aliitwa Greif na alikuwa mweupe. Weupe umo ndani ya hii jamii tangu siku ya kwanza. Kilichobadilika ni sheria za binadamu: Ujerumani wakaukataa 1933, AKC, chama cha mbwa cha Marekani, ikawatoa weupe kwenye mashindano 1968, afu Uswisi ikawakumbatia mpaka FCI, shirikisho la kimataifa la mbwa, ikawatambua kwa muda 2003 kama jamii yao wenyewe, shepadi mweupe wa Uswisi, na kwa kudumu 2011.

Kuna na hii ya "baba mweusi na kahawia, mama hivo hivo, mweupe katoka wapi, jike litakuwa lilitoroka". Hapana jamani. Jeni hii inajificha. Mzazi mwenye kopi moja tu mbovu haonyeshi chochote, na wakikutana wawili wa hivo kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kutoka mweupe. Na lawama ya weupe usimtupie jike peke yake, maana bila kopi ya baba mtoto asingezaliwa mweupe.

Sasa hapa ndo nataka watu wasome taratibu. Wanasema mbwa mweupe ni kiziwi. Kwa huyu shepadi tuliyemuongelea sio kweli, jeni yake haigusi masikio. Ila kuna weupe mwingine ambao kweli unaleta uziwi na upofu, nao ni wa merli, yale mabaka ya kijivu au kahawia yaliyomwagika mwilini kwa australian shepadi, koli na wenzao. Mwaka 2006 ilijulikana kwamba chanzo ni kipande cha DNA kilichojichomeka ndani ya jeni ya PMEL. Kopi moja inaleta mabaka mazuri. Kopi mbili zinafuta rangi sehemu kubwa, na chembe za rangi sio pambo la manyoya tu, zinahitajika ndani kabisa ya sikio ili lisikie, na jicho nalo linazihitaji wakati linaumbwa, ndo maana hawa wako kwenye hatari kubwa ya kuzaliwa viziwi au na vijicho vidogo visivyoona. Ukipandisha merli kwa merli, kila mtoto ana nafasi 1 kati ya 4 ya kupata kopi mbili. Na mtego mbaya zaidi, merli inaonekana kwenye rangi nyeusi na kahawia tu, kwa hiyo mbwa wa njano mzima mzima anaweza kuibeba na hakuna anayejua, mpaka umpime DNA. Tafadhali pima kwanza. Na ukiuziwa "jemani shepadi merli halisi", jua kuna jamii nyingine imeingia humo.

"Panda naye ni chotara." Panda ni jemani shepadi mwenye mabaka meupe. Huyu ndo tofauti kidogo. Mwaka 2000 Marekani alizaliwa jike, Franka, mwenye uso na kifua cheupe, kutoka kwa wazazi safi, na DNA ikathibitisha ni wazazi wake kweli. Ni badiliko jipya kwenye jeni ya KIT, na kopi moja inatosha. Mwenye kopi mbili hajawahi kupatikana, inaaminika hufia tumboni.

Mbwa weusi mwili mzima: wengi wanadhani weusi huo ni wa jeni yenye nguvu, yani kopi moja inatosha. Kwa mbwa wengi ndiyo, kwa jemani shepadi mara nyingi ni ya kujificha, ndo maana weusi wawili kwa kawaida huzaa weusi watupu.

Bluu ni nyeusi iliyopunguzwa na jeni ya MLPH. Wapo bluu wanaonyonyoka manyoya, ila sio wote, na rangi peke yake sio ugonjwa. Kahawia ya ini ni TYRP1, na huyo hana weusi popote, hata pua ni kama kakao, kwa hiyo pua nyeusi ikikutazama hapo hujauziwa ini.

Mwisho ule usemi wa zamani, "miguu meupe, usimpe dawa". Hatari ya ivermektini, dawa ya minyoo na vimelea, inatoka kwa jeni ya MDR1 ikiwa mbovu na haina uhusiano na rangi ya mguu. Koli mwenye miguu meupe anaweza kuwa salama na shepadi mweusi akawa nayo, na kumjua ni kupitisha pamba shavuni kwa ndani na kuipeleka maabara kabla ya kumpa dozi kubwa.