Je, wajua? Anayeimba katika “La Bamba” si yule unayemwona

Filamu ya La Bamba, iliyoongozwa na Luis Valdez na kutoka 1987, inamhusu Ritchie Valens, mwimbaji kijana wa Pacoima, California, aliyevuma kwa miezi michache tu kabla ya kufa kwenye ajali ya ndege tarehe 3 Februari 1959, akiwa na miaka 17. Unayemwona ni Lou Diamond Phillips. Unayemsikia akiimba ni David Hidalgo wa bendi ya Los Lobos.

Mbona hawakutumia rekodi za Valens mwenyewe? Nyimbo zake za 1958 zilitoka sauti, gitaa na dramu vikiwa vimeshachanganywa. Ni kama uji uliokwisha kutiwa sukari: huitoi tena. Na filamu inadai vitu ambavyo sahani ya santuri haina, kama vile wimbo wa kujaribia nyumbani au ubeti unaokatika katikati.

Kwa hiyo wimbo hurekodiwa upya studio kwanza, kisha mwigizaji anaufuata mbele ya kamera. Ndiyo plebeki ileile tuliyoizoea kwenye majukwaa, ila hapa uso unajaa skrini nzima na uongo hauna pa kujificha. Kabla wimbo haujaanza, spika hutoa milio mifupi, pi, pi, pi, kwa mwendo wa wimbo wenyewe, ili wote waingie pamoja. Dramu huwekewa vitambaa na matoazi hubadilishwa kwa ya plastiki au mpira, ili mpigaji apige kwa nguvu bila kelele.

Mwigizaji lazima aimbe kwa sauti kweli. Akichezesha midomo tu, shingo inabaki imelala, kifua hakipandi, na mtazamaji anahisi kasoro hata asipojua ni ipi. Pumzi nazo hukaririwa kama maneno. Herufi za kufumba midomo, yaani m, b na p, ndizo zinazoumbua wengi: neno “bamba” lenyewe linafumba midomo mara mbili!

Kosa jingine ni la umbali. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde, na filamu hupita fremu, yaani picha moja moja, 24 kwa sekunde. Mpiga dramu aliyekaa mita 14 kutoka kwenye spika anausikia wimbo ukiwa umechelewa fremu moja. Mita 28, fremu mbili, na hapo fimbo zinaanza kuonekana zikiburuta. Dawa ni kusogeza spika karibu, au kumpa kila mpigaji kidude cha kusikilizia sikioni.

Watu wakicheza huku wahusika wakiongea, muziki huzimwa na kubaki mdundo mzito wa chini, kama hezi 40, yaani mitetemo 40 kwa sekunde. Wachezaji wanaufuata, na mafundi wanauchuja baadaye kwa sababu sauti ya mtu akiongea iko juu ya hapo.

Njia ya pili ni ngumu zaidi, na kwangu ndiyo tamu. Katika The Buddy Holly Story ya 1978, filamu ya mwanamuziki Buddy Holly, mwigizaji Gary Busey aliimba na kupiga gitaa mwenyewe, kamera zikizunguka. Jasho linasikika. Lakini mwendo wa wimbo haurudii sawasawa kila unapopigwa, na mhariri akitaka kuunganisha picha ya mara ya kwanza na sauti ya mara ya tatu, vidole na nyuzi haviafikiani.